Kugawa kiwanja chenye hati au kubaki na hati moja kwa hisa?

Baba alipofariki alimwachia mama na sisi watoto watatu kiwanja kimoja chenye hati: mita 30 kando ya barabara, mita 40 kwenda nyuma, nyumba yetu imekaa mbele. Arobaini haijaisha, kaka alikuwa ameshapiga mistari miwili kwenye karatasi ya daftari na kuandika jina la kila mtoto ndani ya kipande chake. Vipande vitatu, mita 10 kwa 40 kila kimoja. Mama angeendelea kuishi ndani ya nyumba. Sote tukaridhika, maana kwenye karatasi vilikuwa sawasawa. Hakuna aliyeona kwamba mstari mmoja ulipita ndani ya chumba cha mama na wa pili ulikata jiko.

Nawaandikia walio pale tulipokuwa sisi: ndugu, wanandoa, au marafiki walionunua pamoja, wenye kiwanja kimoja kilichopimwa mjini hapa Tanzania na wanaotaka kila mtu ajue chake. Swali la kwanza huwa ni "tunapataje kibali cha kugawa?" Mimi naona lipo linalotangulia: je, mnahitaji kugawa ardhi yenyewe, au mnahitaji haki ya kila mmoja iandikwe? Njia hizi mbili zinatofautiana kwa gharama, kwa muda, na kwa aina ya ugomvi zinaouzuia.

Ya kwanza ni kugawa rasmi: kiwanja kinakatwa kwa idhini ya halmashauri, kinapimwa upya, hati ya zamani inarudishwa na kila kipande kinapata hati yake. Ya pili ni kumiliki kwa hisa: kiwanja kinabaki kimoja na hati inabaki moja, lakini majina yote yanaandikwa pamoja na fungu la kila mtu, nusu, theluthi au robo. Ipo pia ya tatu, inayohusu majengo, na ya nne ambayo si halali kama watu wanavyodhani. Hizo nitazigusa baadaye.

Kabla ya njia yoyote

Kama hati bado ina jina la marehemu, hakuna mlango utakaofunguka. Familia inakaa kikao na kupendekeza msimamizi wa mirathi, mahakama inamteua, kisha jina lake linaandikishwa kwenye hati kama msimamizi. Baada ya hapo ndipo anaweza kuomba kugawa au kuhamishia umiliki kwa warithi. Nimeona watu wanalipia michoro huku mirathi haijafunguliwa, na michoro ile ikakaa kabatini.

Kama mmiliki yu hai na ana mwenza, ridhaa ya mwenza huyo ni ya lazima. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuitoa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Kama hati iko benki kwa ajili ya mkopo, benki nayo iridhie kwanza. Na pango la ardhi, yaani ada ya kila mwaka inayolipwa serikalini, liwe limelipwa lote. Afisa ardhi huanza kuangalia hapo, na deni la miaka mitano huwa linamkuta aliyetumwa kufuatilia, wakati walioacha kulilipa hawapo pale dirishani.

Kugawa rasmi: barabara ndiyo inayoamua

Hapa ndipo tulipopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu wengi hufikiri halmashauri inaangalia kama wamiliki wamekubaliana. Hilo inaliangalia, lakini haiishii hapo. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, kugawa kiwanja ni kubadilisha mpango wa eneo zima, na mpango huo una wenye haki wengine: jirani, gari la zimamoto, bomba la maji, mtu atakayenunua miaka thelathini ijayo. Ndiyo maana afisa mipango miji anauliza mambo ambayo kikao cha ukoo hakikuyauliza. Kila kipande kinafikiwa na barabara? Ukubwa wake unafikia kiwango cha chini kinachotakiwa kwa ujazo (msongamano wa nyumba) wa eneo hilo? Umbo lake linajengeka, ukishaacha nafasi zinazotakiwa pande zote? Matumizi yanabaki yale yale yaliyoandikwa kwenye hati? Ukitaka kugawa na papo hapo kipande cha mbele kiwe cha biashara, hayo ni maombi mawili, kwa sababu mabadiliko ya matumizi yana utaratibu wake.

Chukua mchoro wa kaka. Vipande vya upana wa mita 10 vyote vinagusa barabara, kwa hiyo swali la kwanza vinalijibu. Lakini ukiacha mita 2 tu kila upande, unabaki na nyumba ya upana wa mita 6, ndefu kama behewa. Na nyumba iliyopo ingebomolewa.

Tukajaribu kukata kwa mlalo: vipande vitatu vinavyofuatana kutoka mbele kwenda nyuma. Sasa viwili vya nyuma havina njia. Tuseme unatoa njia ya mita 6 ubavuni, kutoka barabarani hadi mwisho wa kiwanja. Mita 6 mara 40 ni mita za mraba 240, yaani moja ya tano ya kiwanja chote cha mita za mraba 1,200 imekuwa njia. Kinachobaki ni upana wa mita 24, na ukikigawa mara tatu kila mtu anapata kina cha mita 13 na kidogo, mita za mraba 320. Hesabu hii ilimnyamazisha kaka. Sebuleni alikuwa ametuahidi mita za mraba 400 kila mmoja.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza: mchoro utangulie, ahadi zifuate. Mtafute mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa, akupigie mchoro wa mapendekezo wenye vipimo halisi, na nyumba, choo na miti ionekane ndani yake. Mchoro huo ndio mkae nao kwenye kikao. Ukianza na ahadi, kila mita itakayoliwa na njia itaonekana kama mtu ameibiwa.

Shauri la pili linatokana na hasara yetu. Tulianza na mpima. Alikubali kupima kabla ya mchoro wowote kuidhinishwa, akapanda bikoni, yaani alama za mipaka, tukamlipa. Bikoni zile hazikuwa na maana yoyote, kwa sababu upimaji hufuata mchoro ulioidhinishwa. Utaratibu unakwenda hivi: maombi yanapelekwa kwa mkurugenzi wa halmashauri yakiwa na mchoro, nakala ya hati, risiti za pango na vitambulisho; wataalamu wanakuja kuona eneo; kamati inayoshughulikia mipango miji inajadili; mchoro ukishaidhinishwa ndipo mpima aliyesajiliwa anaingia uwanjani; ramani yake ya upimaji nayo inaidhinishwa na mamlaka ya upimaji na ramani chini ya Wizara ya Ardhi; halafu hati ya zamani inarudishwa, hati mpya zinaandaliwa kwa Kamishna wa Ardhi, na Msajili wa Hati anazisajili.

Ukiufuata mstari huo utaona jambo moja: halmashauri inatoa idhini, lakini hati haitoki kwenye kibali peke yake. Wapo waliopata mchoro wenye mhuri, wakajengeana ukuta, wakaishi kwa amani miaka kumi. Siku mmoja alipotaka mkopo ndipo alipojua kwamba kwenye daftari la Msajili kiwanja chao bado ni kimoja na kina jina la baba. Ukianza kugawa, fika mwisho. Kama fedha haitoshi kufika mwisho, ni afadhali usubiri kuliko kusimama katikati.

Faida ya kugawa, ukifika huko mwisho, ni kubwa na sitaipunguza. Kila mtu ana namba ya kiwanja yake na bili yake ya pango. Anaomba kibali cha ujenzi bila saini ya ndugu yake. Anaweka rehani kilicho chake. Akitaka kuuza, nduguze hawana haja ya kukubali. Kama mahusiano yenu yana ufa tayari, au mmoja yuko mbali na hapatikani, au mmoja anapenda kukopa, gharama ya kugawa ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kutogawa.

Hati moja kwa hisa

Njia hii haijulikani sana mitaani, na nasikitika kwamba hata baadhi ya wanaoulizwa ushauri hawaitaji. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua namna mbili za watu kumiliki ardhi moja. Ya kwanza ni umiliki wa pamoja usio na mafungu: mmoja akifariki, sehemu yake inakwenda kwa aliyebaki. Huu sheria imeuweka kwa ajili ya wanandoa. Wengine hadi mahakama iruhusu. Ya pili ni umiliki kwa hisa: kila mmoja ana fungu lake lililoandikwa, na akifariki fungu hilo linakwenda kwa warithi wake mwenyewe.

Tofauti hiyo hakikisheni imeeleweka kabla ya mtu yeyote kusaini. Ndugu wakitaka kila mmoja awarithishe watoto wake, wanachohitaji ni hisa, na mafungu yaandikwe kwa tarakimu.

Uzuri wake ni kwamba hakuna njia ya kupita inayokatwa kwenye kiwanja, hakuna kiwango cha chini cha ukubwa cha kufikia, hakuna mchoro wala bikoni mpya. Kiwanja cha mita za mraba 400 kisichoweza kugawanyika kwa namna yoyote kinaweza kumilikiwa na watu watano kwa mafungu. Kazi iliyopo ni ya kuhamisha umiliki na kusajili, na hiyo ingekuwepo hata kwenye kugawa.

Udhaifu wake ni kwamba hisa haina mpaka. Mwenye theluthi hana kona yoyote anayoweza kusema ni yake; ana theluthi ya kila tofali na ya kila mchanga. Sheria inamtaka anayeuza fungu lake kwa mtu wa nje apate ridhaa ya maandishi ya wenzake, ingawa nao hawaruhusiwi kumnyima bila sababu ya msingi. Kibali cha ujenzi na mkopo vinahitaji saini za wote. Bili ya pango ni moja, na mmoja asipochanga deni ni la hati nzima.

Kwa sababu hiyo hisa bila makubaliano ya matumizi ni nusu ya kazi. Andikeni, mbele ya wakili, nani anatumia upande gani, nani anapokea kodi ya wapangaji na inagawanywaje, pango linalipwa na nani na mwezi gani, na mmoja akitaka kutoka thamani inapimwa na nani na wenzake wana muda gani wa kumnunua. Hili la mwisho ndilo watu huliruka kwa aibu, kana kwamba kulitaja ni kumtabiria ndugu ubaya. Liandikeni wakati bado mnapendana.

Tena mlango wa kugawa haufungwi. Mwenye hisa anaweza baadaye kuomba mgawanyo kisheria. Aliyeanza na hisa anaweza kufika kwenye kugawa akiwa amejipanga. Aliyegawa vipande visivyojengeka akitaka kurudi nyuma itabidi aunganishe viwanja, nako ni safari nzima tena.

Vitu vya chini ya ardhi

Jambo hili nililiona mwenyewe kwa macho na halimo kwenye fomu yoyote. Kabla ya kuchagua, tembeeni kiwanjani mkiuliza kila kitu kinakwenda wapi. Shimo la choo cha nyumba yetu lilikuwa nyuma kabisa, mita zaidi ya ishirini kutoka barabarani. Tungegawa bila kuliangalia, choo cha mama kingekuwa kwenye hati ya mtu mwingine. Bomba la maji nalo lilipita diagonali hadi kwenye tangi. Mita ya umeme ya LUKU ilikuwa moja kwa nyumba na kwa vyumba viwili vya uani.

Ukigawa, kila kimoja cha hivyo ama kinahamishwa, ama kinaandikiwa haki ya kupita kwenye ardhi ya jirani. Ongeza gharama hiyo kwenye hesabu ya kugawa, kwa sababu karibu kila mara inasahaulika. Ukibaki na hati moja, vinakaa vilipo na mnachohitaji ni kukubaliana nani anaita gari la kunyonya maji taka.

Njia nyingine mbili

Kama mna ghorofa, au nyumba yenye sehemu zinazojitegemea, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inaruhusu kila sehemu ipate hati yake, huku ardhi, ngazi na paa vikibaki vya wote. Inawafaa waliojenga kwa mpango huo tangu mwanzo. Kwa nyumba ya kawaida ya familia sioni kama inalipa usumbufu wake.

Ya nne ni ile ya kuuziana au kugawana kwa karatasi mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mashahidi wawili. Naielewa inatoka wapi: ni rahisi, ni ya siku moja, na mwenyekiti anatufahamu. Ushahidi wake unaweza kusaidia kuonyesha kwamba mlikubaliana. Lakini kwa kiwanja chenye hati, umiliki hauhami hadi Msajili wa Hati asajili. Anayenunua kipande kwa karatasi hiyo amenunua ahadi ya muuzaji. Siku muuzaji akifariki, au akiweka hati ile ile rehani, mnunuzi anaanza safari ya Baraza la Kata kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtu akikuambia "hati tutakata baadaye", mwombe akuonyeshe mchoro ulioidhinishwa. Kama hana, usitoe fedha.

Shamba la kijijini lina utaratibu mwingine. Linaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mamlaka ni halmashauri ya kijiji, na kinachotolewa ni hati ya hakimiliki ya kimila. Usilichanganye na haya ya mjini.

Nani achague ipi

Ningekuwa nashauri rafiki, ningemwambia agawe kama vipande vyote vinagusa barabara au vinaweza kupewa njia bila kuumizana, kama kila kipande kinabeba nyumba kamili, na kama kuna angalau mmoja anayetaka kujenga, kukopa au kuuza hivi karibuni. Viwanja vya kona, vyenye barabara pande mbili, hugawanyika vizuri kuliko vyote. Mwenye kona asisite.

Ningemwambia abaki na hisa kama kiwanja ni chembamba au kidogo, kama kuna nyumba moja inayoingiza kodi ya kugawana, au kama mzazi bado anaishi pale. Hili la mzazi nalisisitiza. Kugawa juu ya kichwa cha mama aliye hai, hata kwa nia njema, kunamfanya mgeni kwenye nyumba aliyoijenga. Mama yetu hakusema neno siku ya mistari ya kaka. Alituuliza tu, wiki moja baadaye, kama chumba chake kimeangukia kwa nani.

Na si lazima mchague moja tu. Sisi tulimaliza kwa kuzichanganya, na aliyetuonyesha ni yule mtu wa mipango miji tuliyepaswa kumwona mwanzo. Alikata mara moja badala ya mara mbili. Mbele, mita 24 kwa 18, mita za mraba 432, nyumba ikiwa nzima ndani yake. Ubavuni njia ya mita 6 inayokwenda mita 18 tu, si 40, ikila mita za mraba 108 badala ya 240. Nyuma, mita 30 kwa 22, mita za mraba 660.

Hati ya mbele ina majina mawili, mama na mdogo wetu anayeishi naye, nusu kwa nusu. Hati ya nyuma ina jina langu na la kaka, nusu kwa nusu, na makubaliano ya kurasa mbili yanayosema kaka anatumia upande wa mashariki na mimi wa magharibi. Shimo la choo la zamani lilifukiwa, jipya likachimbwa mbele kwa gharama yetu wawili kabla bikoni hazijapandwa. Kaka ameshajenga. Mimi bado, na upande wangu mama amepanda mihogo.